Sentimita Sita za Mkunga

Mtu wa kwanza kunishika hapa duniani alinishika miguu, kichwa kikining'inia chini kama samaki mgebuka wa kuuzwa, akanipiga kibao cha matako, halafu akaniambia, "Karibu." Hivyo ndivyo anavyosimulia mwenyewe. Mama anasema hakusema karibu, alisema, "Haya, na huyu naye." Vyovyote ilivyokuwa, tangu siku hiyo mimi na Mkunga tunaheshimiana.

Hapa Gungu, Kigoma, hakuna anayemwita kwa jina. Jina analo, lipo kwenye kitambulisho, lakini ukiulizia nyumba yake kwa jina hilo utazungushwa mpaka viatu viishe soli. Sema "Mkunga" tu, hata mbuzi watakuonyesha njia. Amezalisha nusu ya mtaa, na ile nusu nyingine anailaumu kwa kuzaliwa wakati yeye yuko likizo.

Akikutana nawe njiani hakumbuki unafanya kazi gani wala umeoa wapi. Anakumbuka ulivyokuja.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyetanguliza miguu?"

Anasema hivyo mbele ya wachumba wa watu, mbele ya wakwe. Siku ya mtihani wake wa leseni ya pikipiki alimtazama mkaguzi toka juu hadi chini akasema, "Kumbe umekua! Kitovu chako kilinisumbua wiki mbili nzima." Alifaulu. Sisemi alifaulu kwa sababu ya kitovu, alikuwa anajua kuendesha kweli, Fundi pikipiki alimfundisha kwenye uwanja wa shule kwa pikipiki ndogo mpaka akaiva. Nasema tu kwamba mkaguzi hakumtazama tena machoni.

Mimi ananiambia nilizaliwa nimelala. "Wenzako wanalia, wewe unakoroma. Ndiyo maana unaota mpaka leo." Ni kweli naota. Niliishia kidato cha pili, nina cherehani moja ya kukanyaga, barazani kwa mama, na naota duka lenye kioo mbele na yule mwanasesere mkubwa wa plastiki asiye na kichwa, anayevalishwa gauni watu wakapita wakatamani. Mkunga ndiye mtu pekee ambaye hajaicheka ndoto hiyo. Alifikiri kidogo, akasema, "Mnunulie na kichwa. Watoto wataogopa."

Kwenye kazi yake hakuwa na masihara. Alikuwa na mzani wa kupimia watoto wachanga, na mzani ule aliuheshimu kuliko mwenyekiti wa mtaa. Kuna mwanaume mmoja wa mtaa wa Katubuka alimwomba amwongezee mtoto wake gramu kidogo kwenye kadi, maana mtoto wa jirani alikuwa mzito zaidi na jirani anaringa. Mkunga akamjibu, "Mzani haujui shemeji." Yule bwana akasema yeye si shemeji yake. "Basi na mimi sijui gramu," akamwambia, na kadi ikaandikwa kilichopimwa. Maneno hayo yakawa msemo wetu. Muuza dagaa ukimwomba akujazie anakuambia mzani haujui shemeji. Hata kwenye karata watu wanasema.

Sasa sikilizeni maajabu. Mkunga huyuhuyu, mkweli kuliko rula, alikuwa na uongo mmoja. Yeye ni mfupi, na hakubali. Si mfupi wa kuchekwa, ni mfupi wa kawaida uliopungua kidogo. Lakini neno hilo halisemwi mbele yake. Akiwa anaangua kitu kwenye rafu ya juu dukani, wote dukani tunatazama dari mpaka afanikiwe. Nani atamwambia? Ni mtu aliyekuona siku ambayo hukuwa hata na nguo. Ukimwambia mfupi, atakuambia wewe ulikuwa na urefu gani, tena mbele ya wateja.

Mimi ndiye nilikuwa namshonea suruali, zile anazovaa chini ya gauni kwa ajili ya kupanda pikipiki. Mara ya kwanza nilipompima urefu wa mguu kwa ndani, tepu ilisema sitini na nne. Akainama akaisoma.

"Tepu yako imesinyaa, mwanangu. Ni unyevu wa ziwa huu."

"Ego, Mkunga," nikamjibu. Kwa Kiha hiyo ni ndiyo, na kwa Mkunga hakuna jibu lingine. Nikaandika sitini na sita.

Suruali ilipokuwa tayari ilimzidi. Alikwenda kuipinda mwenyewe nyumbani. Mwaka uliofuata akaja tena, tepu ikasema sitini na nne, akatazama pembeni akakohoa, nikaandika sitini na nane. Mara ya tatu hata hakukohoa. Niliandika sabini kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayemwongezea mgeni chai. Kwenye daftari langu la vipimo, Mkunga alikuwa anakua kuliko watoto wa darasa la tano.

Uongo wa heshima hauna madhara, nilifikiri. Ndiyo, nilifikiri hivyo mpaka alipostaafu na kutangaza kwamba kiinua mgongo chake kinakwenda kununua pikipiki. Tena si pikipiki hizi za bodaboda zinazolia kama nyuki kwenye kopo. Anataka ile kubwa ya safari, yenye mdomo mbele kama bata na matairi ya kukata matope.

Aliomba ushauri kwa watu watatu. Nanyi mnajua kwetu, ukiomba ushauri kwa watu watatu umeshaunda kamati. Jioni ya pili tulikuwa tumekaa sebuleni kwake kama kamati ya harusi. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu asiyeweza kunywa maji bila ajenda. Katibu, mwalimu wa darasa la nne, kwa sababu ya mwandiko. Mtaalamu, Fundi pikipiki. Mimi nikapewa ujumbe wa mavazi, maana Mwenyekiti alisema hakuna kamati bila sare. Nilishona mashati na magauni ya kitenge kimoja, cha rangi ya chungwa chenye picha za bata. Sikuchagua bata kwa makusudi, ndicho kitenge kilichokuwepo.

Wakala wa mjini alitupa kitabu cha picha. Pikipiki ilikuwa na aina tatu. Ya kwanza ya mjini, ya pili ya barabara ndefu, ya tatu ya matope, na kwenye picha ya hiyo ya tatu kulikuwa na mtu anaruka juu ya kilima cha mchanga, pikipiki ipo hewani.

"Hii," akasema Mkunga, kidole kikiwa juu ya picha.

"Tujadili kwanza," akasema Mwenyekiti.

"Jadilini. Mimi nataka hii."

Tulijadili siku nne. Kisha vikaja vikorombwezo, yale mambo unayochagua kuongezewa juu ya pikipiki, na hapo ndipo kamati ilipopata raha. Kioo cha kukinga upepo, ndiyo. Taa za ukungu, Katibu akapinga, akasema Kigoma ukungu uko wapi? Mkunga akamwambia, "Moshi wa majiko ya jirani zako asubuhi unauonaje?" Taa zikapita. Chuma cha kukinga injini, Fundi akasema hiyo si ya kujadili, mawe ya njia ya Ilagala hayana adabu. Mabegi ya pembeni tukakataa ya kununua, nikapewa kazi ya kuyashona kwa turubai, moja la nguo na moja la mzani.

Tukafika kwenye vishikio vya kupasha mikono joto. Mwalimu alisoma mara mbili akidhani amekosea. Vishikio vyenye moto wa umeme, kwa nchi za barafu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mkunga, kwa heshima zote. Hapa Kigoma watu wanalala mlango wazi kwa joto. Mikono unaipasha ya nini?"

Mkunga akatukunjulia viganja vyake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Ukitoka mvuani, ukamshika tumbo mama mwenye uchungu kwa mkono wa baridi, umemtukana yeye na mtoto wake. Mimi nimestaafu kwa serikali. Kwa watoto sijastaafu."

Vishikio vikapita bila kupingwa. Fundi aliomba kwenda nje kidogo, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Basi, chini kabisa ya fomu palikuwa na kisanduku kimoja. Mwalimu akakisoma kwa sauti ya darasani: mwendeshaji aandike urefu wa mguu wake kwa ndani, ili kiwandani wafunge kiti kinachomfaa. Sitini na nane kushuka chini, kiti kifupi. Kuzidi hapo, kiti kirefu.

Wote tukatazama dari. Hata Mkunga alitazama dari. Ni dari nzuri, ya mbao.

"Mjumbe wa mavazi," akasema Mwenyekiti kwa sauti ya kuokoka, "wewe si una daftari?"

Mwili wangu ulipata vile vishikio vya moto kabla ya pikipiki. Daftari lilikuwa mapajani. Katibu akalichukua, akafungua, akapitisha kidole. "Sabini," akasema, akaandika. Kwa wino.

Nilinyanyua mkono. "Mwenyekiti, nilikuwa naona labda kile kiti kifupi..."

"Kifupi kwa nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Unataka kusema Mkunga ni...?" akasema Fundi, halafu akaogopa neno lake mwenyewe akalimeza.

"Hapana! Nasema barabara ndiyo ndefu," nikasema. Mpaka leo sijui nilikuwa na maana gani. Katibu aliliandika kwenye muhtasari.

Fomu ilikuwa inapelekwa kwa wakala Ijumaa, na ikishapelekwa hairudi. Alhamisi asubuhi nikaenda kwake kutubu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nitasema, Mkunga, tepu haikusinyaa, mimi ndiye niliyerefuka ulimi.

Nikamkuta amebandika picha ya pikipiki ukutani, palipokuwa na kalenda. Mimi nikaanza, "Mkunga, kuhusu ule mguu..." Yeye wala hakunisikia. Alikuwa anaongea na ukuta.

"Unajua nimekaa nyuma ya pikipiki miaka mingapi? Ilagala, ng'ambo ya Malagarasi, vijiji vya juu huko, kote nimebebwa. Mbele yangu daima mgongo wa mwanaume. Nimeijua migongo ya mkoa huu, mwanangu. Kuna mmoja nilijua mkewe amekasirika kwa kuangalia shati tu. Lakini ziwa? Watu wanasema njia ile ukifika kule mlimani ziwa linafunguka lote mbele yako. Mimi sijaliona likifunguka. Mimi nimeona makoti."

Akageuka. "Enhe, ulikuwa unasema mguu."

Nikamtazama usoni. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeambiwa kesho sikukuu. Nikimwambia, itabidi kamati ikae upya, muhtasari usomwe, namba ifutwe mbele za watu, sitini na nne itamkwe kwa sauti ya darasani. Nisipomwambia, kitakuja kiti asichofikia chini, ataogopa, atarudi kwenye migongo ya wanaume, na kosa litakuwa langu.

"Nilitaka kujua," nikasema, "mabegi ya turubai niweke zipu au vifungo?"

"Zipu," akasema.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Muuza maandazi akanipa moja bure akidhani nimeachwa.

Pikipiki ilikuja na treni, ndani ya kreti la mbao. Kamati ilikuwepo stesheni na sare zake za bata, akina mama na vigelegele, utadhani tunapokea bibi harusi. Fundi alipovunja kreti kila mtu alisema "Aah!" halafu kila mtu akanyamaza. Ilikuwa ndefu. Kiti chake kilimfikia Mwenyekiti karibu na mfuko wa shati.

Mkunga akaizunguka mara moja. Akaigonga tairi kama anavyogonga mgongo wa mtoto. Kisha akapanda juu ya ubao wa kreti, akapanda juu ya pikipiki, akawasha, akatazama mbele, akaondoka. Vigelegele! Aliendesha vizuri jamani, mgongo umenyooka, mtandio unapepea nyuma. Mimi nikashusha pumzi. Kumbe tepu yangu ilikuwa na baraka.

Alipokwenda, wapagazi wawili wakaja wakachukua zile mbao za kreti.

Akarudi. Akafika pale palipokuwa na kreti, akatazama chini, akapita. Akazunguka uwanja. Akaja tena, akapunguza mwendo, akanyoosha mguu wa kushoto kidogo, akaurudisha, akapita.

"Ana furaha!" akapiga kelele Mwenyekiti, na vigelegele vikaongezeka.

Mara ya tatu watu walianza kumpigia makofi kwa mdundo. Mara ya nne Fundi aliacha kupiga makofi. Akanitazama. Mimi nikatazama daftari, nililolibeba sijui kwa nini. Mara ya sita Mkunga alipita karibu yetu akapaza sauti, "Nipisheni, bado nina furaha!" na jasho linamtiririka.

Mara ya saba aliiacha njia, akaisogeza pikipiki taratibu mpaka kwenye ngazi za stesheni, akaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi ya kwanza, akazima injini.

"Nilikuwa nachagua pa kuegesha," akasema.

"Ego, Mkunga," tukajibu sote.

Aliiingiza nyumbani kwake kwa kuisukuma, na wiki nzima haikutoka. Ilifunikwa shuka. Alikwenda Ujiji kumtazama mzazi mmoja akiwa nyuma ya bodaboda, amekaa wima, anatazama koti la dereva. Nilimwona anapita mbele ya cherehani yangu na sikuweza hata kumpungia. Fundi alikuwa na spana ya kushusha kile kiti, ila hakuwa na mdomo wa kumuuliza kama akishushe.

Usiniulize wazo lilitoka wapi, naota sana. Niliamka nikaenda kwa seremala, nikaomba kipande cha gogo kilichobaki, nikakikatisha, nikakipima kwa tepu mara tatu bila kukohoa. Nikakiweka mbele ya baraza langu, upande wa kushoto wa mtu anayetokea kwake. Kisha nikamtumia salamu kwamba suruali yake iko tayari aje aichukue, na kwamba mabegi ya pembeni lazima nimfungie pikipiki ikiwepo.

Alikuja. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa mwendo mdogo, mwendo wa kwenda kuomba msamaha. Akakiona kigogo. Akasogea, akaweka mguu, akasimama. Nikafunga mabegi bila kumtazama usoni, nikisema habari za zipu tu. Akaondoka.

Kesho yake, mbele ya nyumba ya Mwenyekiti, palikuwa na kipande cha taruma la reli. Sikumwambia mtu, nawaapia. Hapakuwa na kikao wala muhtasari. Keshokutwa likaonekana tofali mbele ya duka la dawa, kisha jiwe bapa karibu na msikiti, na jingine karibu na kanisa, nadhani walisikiana. Mwalimu akaweka la shuleni. Soko la Ujiji waliweka mawili, maana wauza dagaa na wauza migebuka hawaelewani. Yote upande wa kushoto. Nasikia hata Ilagala wavuvi wameweka kipande cha mtumbwi uliovunjika, wamekipaka rangi ya bluu. Watoto wa mjini wakija likizo wanauliza haya mawe ni ya nini, na watu wote wanatazama juu, hata kama hakuna dari.

Mkunga mwenyewe hajayasema hata siku moja. Alichosema ni hiki, nilimsikia akimwambia mgeni: "Mji wetu umeendelea siku hizi. Kila mahali ngazi."

Mwezi uliopita alipita kwangu akitoka Ilagala. Pikipiki imejaa tope mpaka kwenye mdomo wa bata, begi moja limefunguka, mzani unachungulia. Akaweka mguu kwenye kigogo, akavua kofia ngumu. Nikamwambia mwakeye, salamu yetu ya Kiha, nikamsaidia kushuka, nikampa maji.

"Umeliona?" nikamuuliza.

Alikunywa yote kwanza.

"Limefunguka lote," akasema. "Nilisimama pale mlimani, wameniwekea jiwe na pale, sijui nani. Nikakaa juu ya kiti changu nikaliangalia. Hakuna koti. Mwanangu, lile ziwa ni kubwa! Mlikuwa mnanificha."

Akatazama cherehani, akatazama ukuta ambao siku moja utakuwa kioo. Kisha akatazama chini.

"Lete tepu yako."

"Suruali nyingine, Mkunga?"

"Pima hicho kigogo."

Nikainama, nikapima. Yeye akainama pia, akasoma mwenyewe, kama anavyosoma mzani, bila haraka.

"Ngapi?"

"Sita," nikasema, na sauti ikawa ndogo.

"Haikusinyaa," akasema.

"Haikusinyaa, Mkunga. Nisamehe."

Akahesabu kwa vidole, mbili, na mbili, na mbili. Halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka mama akatoka ndani na mwiko mkononi kuuliza nani kafa.

"Miaka yote ile nikadhani unaniongezea bure," akasema huku akifuta machozi na ncha ya mtandio. "Kumbe ulikuwa unaniwekea akiba."

Akapanda kigogo, akapanda pikipiki, akaenda.